Majivu Kwenye Maua ya Mama

Nakumbuka asubuhi moja nilipomkuta mama mkwe wangu akimwaga majivu kwenye maua yangu. Nilikuwa sijamaliza mwaka tangu niolewe hapa Namboboto, na mwanangu, kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Nilimshuku kila mtu, hata aliyenisalimia vizuri.

Maua yenyewe ni airisi, yale ya zambarau yenye majani marefu na mizizi minono kama tangawizi. Niliyang'oa nyumbani kwa mama yangu mzazi kule Malaba, wiki tuliyomzika. Sikuwa na kitu kingine chake. Basi nikayalisha. Kila Jumamosi nilizoa mavi mabichi ya kuku nikayarundika juu ya mizizi mpaka isionekane. Usicheke, nilidhani mapenzi hupimwa kwa karai. Majani yakanenepa, ua halikutoka hata moja, kisha mashina yakaanza kulegea na kunuka. Nikajiambia, hapa kuna mkono wa mtu.

Na sasa mtu mwenyewe alikuwa mbele yangu.

"Mama, ni nini hiyo unamwagia maua yangu?"

"Ni majivu tu ya jikoni."

"Ya jikoni gani? Na imechanganywa na nini?"

Alichukua ungo wake akaenda. Niliyazoa majivu yote nikayatupa barabarani, nikaongeza mavi ya kuku karai mbili. Jioni nikamwambia mume wangu kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na mchawi wetu ni mama yake. Mama alikuwa mlangoni, akasikia. Naona aibu hadi leo.

Mvua za masika zilipopungua, nilichimba nikakuta mizizi yote imekuwa uji mweusi. Nililia kama nimefiwa mara ya pili. Mama mkwe akaja, akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya jiko lake. Pale kwenye changarawe, mizizi ikiwa nje inapigwa jua, airisi moja ilikuwa imechanua. Alikuwa amekata kipande mapema, alipoona ninavyoiua. Hata hapo, mwanangu, moyo wangu uliuliza kwanza: kwa nini aliiba?

"Hii maua inataka mbolea ya zamani, kidogo tu, na kando ya mizizi," alisema. "Majivu ilikuwa ya kukausha uozo. Uliogopa mkono wangu. Mkono wako hukuangalia."

Sikuwahi kumwomba radhi kwa mdomo. Nilimfulia, nikamtekea maji miaka mingi, nikidhani inatosha. Sasa amelala kaburini, na neno bado liko kooni mwangu.

Mwanangu, unachokipenda kikianza kufa, kabla hujamtafuta mchawi, tazama unachokilisha wewe mwenyewe, na kwa kiasi gani. Ukimshuku mtu, muulize, kisha subiri jibu. Na ukikosea, sema umekosea angali anasikia.

Mungu akupe mdomo unaowahi kuomba radhi, na nyumba yako isikose mtu wa kumwamini.