Migomba ya Esnath

Mwalimu Ezron alifundisha hesabu Kiwira miaka ishirini na minane, lakini hesabu moja ilimshinda: astaafu kwa hiari sasa, na miaka yake hamsini, au angoje hamsini na mitano, pensheni inenepe kidogo. Fomu ya kustaafu aliificha ndani ya kitabu cha nyimbo, na kila Jumapili ilimwangukia mapajani kanisani. Jirani zake wa benchi walishaizoea.

Woga wake ulikuwa na sababu. Miaka ile mashirika ya umma yalikuwa yanauzwa, watu wanapunguzwa kazini, bei zinapanda kabla hujarudi dukani. Aache mshahara? Haraka haraka haina baraka, alijiambia, naye hakuwa mtu wa haraka hata kwenye kuoa.

Kisha mwalimu mwenzake Nsajigwa, aliyekuwa akiingoja hiyo hamsini na mitano, akafariki ikiwa imebaki miezi miwili. Nyumba ya mwalimu ni ya serikali, na kwetu mtu huzikwa kwake, kando ya migomba yake. Nsajigwa hakuwa na hata mgomba mmoja. Ndugu walibishana hadi mchana, mwishowe akazikwa shambani kwa shemeji. Mjane akaambiwa ahame. Ezron aliona aibu kwa niaba ya marehemu, kisha akajihurumia mwenyewe.

Alimwambia mkewe Esnath kwamba angestaafu, ila kwanza apande migomba kwenye kipande cha shamba alichoachiwa na baba yake huko Kisiba. Ikizaa, atasaini. Miaka miwili tu. Esnath akasema waende Jumamosi wakapaone.

Jumamosi wakaenda, Ezron na jembe begani. Pale alipokuwa ameacha kichaka palisimama migomba, majani yameshikana, mikungu imeinama. Ezron alikodoa macho. Miaka mitatu mkewe alikuwa akiaga kila mwezi kwamba anakwenda Kisiba kumuuguza mama yake, na kwa heshima ya ukwe yeye hakuthubutu kwenda kuhakikisha. Wala hakujiuliza mama mkwe gani huyo asiyepona wala kufa.

“Sikutaka kukusukuma, baba Sekela,” Esnath alisema. “Lakini sikutaka kukuzika kwa watu.”

Ezron alilitua jembe lisilo na kazi. Furaha na aibu vilimjaa pamoja, machozi yakamtoka. “Ndaga fijo, mama,” alisema, asante sana. Esnath akakata mkungu mmoja wa mbalaga, ndizi za kupika, kwa chakula cha jioni.

Jumapili iliyofuata Ezron alifungua kitabu cha nyimbo, na hakikuanguka kitu.