Mbunge Aliyembeba Mama

Tulipofika Sydney, Australia, kutoka kambi ya wakimbizi Kigoma, mama yangu hakuwa akitembea tena. Tulipanga nyumba kitongoji cha Mount Druitt, na kila Alhamisi nilimpeleka kliniki kwa treni. Kituo tulichoshukia hakikuwa na lifti. Niliomba abiria wanisaidie kukipandisha kiti chake cha magurudumu ngazini, naye mama alifumba macho mpaka juu.

Mwenzangu kazini, kwenye nyumba ya wazee Lidcombe, alinishauri nimwandikie kuhusu ngazi zile mbunge wa eneo la kituo kile katika bunge la jimbo. Nilicheka, maana wabunge niliwajua kwa mabango tu. Hata hivyo niliandika, kwa Kiingereza changu cha kuungaunga.

Alhamisi iliyofuata nilimkuta mwanamke wa makamo chini ya ngazi, amevaa raba.

"Mimi ndiye uliyeniandikia," alisema. "Leo nabeba mimi."

Alishika mbele, mimi nyuma. Ngazi zinapopinda tukatua. Alikuwa anahema, uso umemwiva.

"Mwambie apumzike, mwanangu, asije akaanguka," mama aliniambia.

Nikamtafsiria. Akaketi palepale sakafuni, akauliza tumepanda hivi mara ngapi. Sikuweza kuhesabu.

Kwa miaka mitatu alidai bungeni kituo kile kiwekewe lifti. Siku moja nilikwenda kumsikiliza. Wenzake wengine walikuwa wanachezea simu, yeye akaendelea tu. Hatimaye mafundi walianza kuchimba. Kabla hawajamaliza, uchaguzi ukamwangusha. Siku ya ufunguzi utepe ulikatwa na mtu mwingine, na yeye hakutajwa hata kidogo.

Iliniuma. Nikampigia simu. "Mama hataki kupanda mpaka uje."

Alikuja asubuhi yake, kwa basi. Tukaingia watatu. Mama alimshika mkono, na safari hii hakufumba macho. Yule mwanamke alilia, halafu akacheka kwa sababu tulikuwa tumeshafika juu.

Mama alifariki mwaka jana. Kwenye msiba, mbunge wetu wa zamani alikaa nasi ukumbini kanisani, akimenya ndizi na kina mama wa Kirundi na Kikongo, hakuna aliyemjua. Aliniambia alitoa hotuba nyingi ambazo hata yeye amezisahau, ila uzito wa mama anaukumbuka.

Nilimshukuru kwa Kiswahili. Akaniuliza mtu hujibu nini akiambiwa hivyo, nikamfundisha.