Jogoo wa Mnada

Leo baada ya ibada waumini wamenizawadia jogoo, na harufu ya manyoya yake imenirudisha utotoni, kijijini Nyambureti, kwenye mnada wa sadaka za mavuno nje ya kanisa. Baba alikuwa mchungaji pale.

Mama alikuwa amemtoa sadaka jogoo wangu, nami nililia bila aibu. Bibi mmoja akapandisha bei mpaka wanaume wakanyamaza, akamnyanyua jogoo. "Namzawadia mchungaji wetu!"

Vigelegele! Nikamkumbatia jogoo wangu.

"Mama, amerudi!"

"Mshike vizuri," mama akacheka. "Mavuno yajayo tunamtoa tena."

Na kweli, kila mavuno alitolewa, akanunuliwa, akarudi, mpaka akafa kwa uzee.

Sasa mke wangu anauliza kama abandike maji ya kumnyonyolea huyu. Nimemwambia alete mtama.