Siku Mama Alipokisugua Kisu Changu

Wakuu, nilisikia mama ananiita kwa furaha, nikajua kuna kitu kimeharibika.

"Ammar, ndoo uone. Kisu chako kimetakata."

Jamani. Kisu kile ni cha chuma cha msumeno, si stenlesi. Miaka mitatu nilikikatia vitunguu, ndimu na maembe mabichi mpaka kikavaa rangi ya buluu iliyoingia kijivu. Ile si kutu. Ile ndiyo inayozuia kutu, na mpishi huipata kwa kazi tu.

Sasa kilikuwa kinang'aa kama kioo. Mama ameshika kumbi la nazi na jivu.

Na alasiri ile Bwana Ridhwani, mpishi mkuu wa harusi zetu, alikuwa anakuja kuchagua wa kumrithi. Mgongo umemchosha. Mtaa mzima unajua haulizi umesomea wapi. Anaomba kisu chako, anakitazama. Kikiwa cheupe, kwaheri.

Nilitaka kulia.

Nikakichomeka kwenye ndimu, ukali wake urudishe rangi. Jirani yetu Bi Saadiya akaleta siki. Shangazi Mardhiya akaleta ukwaju, kisha akaninyang'anya kisu na kukizamisha kwenye chupa ya achari. Kufikia adhuhuri nyumba nzima inanuka kachumbari, na kisu kina madoa kama chui mgonjwa.

Bwana Ridhwani alipofika akakishika. Akakinusa. Akakilamba, wallahi.

"Hichi kimefanya kazi ya miaka mitatu yeo asubuhi," akasema.

Nikakiri kila kitu. Akacheka, akaomba kitunguu ajaribu makali.

"Hicho kina achari," mama akasema. "Ngoja nikuletee changu."

Akatoka jikoni na kisu cheusi tii, ncha mpaka mpini. Miaka thelathini ya vitunguu. Akakata kimoja akiwa wima, anamwangalia mgeni, na chozi halikumtoka.

"Mama," nikamuuliza, "mbona chako hukukisugua?"

"Changu ni cha kazi," akanijibu kwa upole. "Chako nilidhani ni uvivu wa kuosha."

Bwana Ridhwani hakunitazama tena. Harusi ya Ijumaa mama ndiye aliyeshika mwiko. Mimi nilimenya viazi, gunia zima.

Wakuu, osheni vyombo nyumbani kwenu. Ukishazoeleka kwa uvivu, hata jasho lako litasuguliwa kwa jivu.