Kijitabu cha Mazishi ya Beth

Kagure si mtu wa kusahau. Majirani zake pale Kutus watakuambia kwamba ukimkosea leo, atakungoja hata wajukuu wako waote mvi, na yeye mwenyewe hakatai. Ana duka la kuchapisha karibu na stendi. Anachapa kadi za harusi, barua za kuomba kazi, na zaidi ya yote vijitabu vya mazishi.

Huku kwetu mtu hazikwi bila kijitabu. Lazima kiwe na picha ya marehemu akitabasamu, ratiba, nyimbo, na wasifu wake kwa Kiingereza, hata kama marehemu alizeeka bila kutamka neno moja la Kiingereza. Na kwa kuwa wasifu wa marehemu ni mambo yaliyopita, umejaa vile vitenzi vya wakati uliopita vinavyowatoa watu jasho: stopped yenye p mbili, paid isiyotaka y, taught ambayo kila familia huiandika kivyake. Kagure huvinyoosha kimyakimya kabla ya kuchapa. Anavijua vyote, na alivijua kwa uchungu.

Aliyemfundisha ni Mwalimu Theuri, darasa la sita, huko Mwea. Kila Ijumaa alitamka vitenzi na watoto wakaviandika. Aliyekosea alivishwa kadibodi shingoni, kosa lake limeandikwa kwa herufi kubwa, na chini yake, kwa Kiingereza, maneno ya kusema kwamba aliyeivaa ni mpumbavu. Ulitoka nayo shuleni ukaenda nayo mpaka kwenu. Kagure aliandika stoped, kwa p moja. Akavishwa, akaenda nayo hadi soko la Kagio, ambako mama yake aliuza nyanya.

Mama hakujua kusoma. Alipomwona mtoto ana maandishi kifuani, akadhani ni tuzo. Akamsimamisha juu ya kreti na kuwaita wateja waje waone alichopewa binti yake shuleni. Kagure alijua maandishi yanasema nini, lakini ulimi ulimganda. Mnunuzi mmoja wa Nairobi akasoma kwa sauti, akatafsiri, na safu nzima ya wauza nyanya ikaangua kicheko. Mama akamteremsha polepole, akarudi kupanga nyanya zake. Tangu siku ile mpaka alipokufa hakumsifu tena binti yake mbele ya watu, hata siku alipofungua duka. Kadibodi Kagure angeisamehe. Hilo la mama yake hakulisamehe.

Basi mwaka huu, mvua za masika zikiisha, Mwalimu Theuri akaingia dukani mwenyewe, mzee sasa, ameshikwa mkono na binti yake Sylvia. Mkewe Beth alikuwa amefariki. Alileta wasifu aliouandika kwa mkono, mwandiko umenyooka kama mistari ya chai shambani, na hakuna kitenzi hata kimoja kilichokwenda kombo. Kagure alimjua kabla hajavua kofia. Alimpa pole, akamuuliza kama aliwahi kufundisha Mwea. Mzee akasema alifundisha huko miaka mingi. Kagure akajitaja jina, akamtaja na mama yake wa nyanya za Kagio, akangoja. Wallahi angekumbuka tu, hata kwa kuona haya kidogo, mambo yangeishia pale.

"Ulinivalisha kadibodi, Mwalimu," akamwambia.

"Niliwavalisha wengi, mama," mzee akajibu. "Na iliwasaidia. Si unaona sasa uko na duka."

Kagure akatabasamu. Alichapa kila neno lilivyoandikwa, akatoa nakala moja, akampa aipitie. Mzee aliisoma kalamu mkononi, polepole, kisha akasema iko sawa, ichapishwe. Sylvia akamshika mkono wakaondoka.

Hapo ndipo Kagure alipofunga mlango na kukaa kuharibu. Stopped akaipokonya p moja. Paid ikawa payed, taught ikawa tought, chose ikawa choosed, married ikabaki na r moja. Alijua Beth hakumkosea kitu. Kidole kilisita juu ya jina la Beth, kisha akakisikia tena kicheko cha Kagio, akaendelea. Alitaka jambo moja tu: Theuri aaibike mbele ya umati, kama mama yake alivyoaibika. Mkuki kwa nguruwe, si ndiyo?

Siku ya mazishi alivipeleka vijitabu mwenyewe kwa bodaboda, akaketi nyuma kwenye hema. Watu wakagawiwa. Akangoja wacheke. Hakuna aliyecheka. Waliitazama picha, wakajipepea, wakawakinga watoto jua. Sylvia aliposoma wasifu kwa maikrofoni, masikio ya watu hayakuona p wala y, na akina mama wakapangusa machozi. Kagure alikaa pale ameuma meno, akiona kwamba amechekwa mara ya pili.

Kisha Theuri akakifungua chake. Akakitazama kwa muda mrefu, akatoa kalamu mfukoni, akaanza kusahihisha. Alipomaliza chake akachukua cha pasta, halafu cha jirani, halafu akainuka na kwenda safu kwa safu akikusanya vijitabu mikononi mwa watu. Jeneza lilipofikishwa kaburini pasta alimwita mume wa marehemu aje atupe udongo. Mzee alisema anakuja, bila kuinua kichwa. Sylvia akamfuata na kumvuta mkono, mzee akajinasua. Jeneza likateremshwa hivyo hivyo. Vijana wa koleo walitazamana, na watoto wakaanza kucheka, kwanza kwa siri, kisha wazi. Mtu mmoja akasema mzee amerukwa na akili.

Kagure alikisikia kicheko hicho, na kilikuwa kitamu. Tusidanganyane, kilikuwa kitamu kuliko alivyotarajia.

Theuri alimfikia safu ya mwisho kasoro moja. Hakumtambua, wala hakumtazama. Alikichukua kijitabu chake, akakisahihisha juu ya goti, akamrudishia.

"Pole, mama. Makosa ni yangu. Nilisoma hii kitu mwenyewe, nikasema iko sawa."

"Hukuyaona?"

"Sikuyaona. Beth alikuwa ananiambia ati kichwa yangu imeanza kuisha. Nikamkatalia mpaka akakufa. Kumbe alikuwa anaona."

Makoleo yalikuwa yameanza, lakini kaburi lilikuwa bado wazi. Neno moja la Kagure lingemrudishia mzee akili zake, akaenda akatupa udongo wake kama mume yeyote. Alilihisi neno hilo limefika kinywani. Alimtazama usoni, yule mtu aliyesema kadibodi iliwasaidia, akalimeza.

"Pole sana, Mwalimu," akamwambia. "Hiyo safu ya nyuma bado."

Mzee akamshukuru, akapita kwenda kuikusanya, na vijana wakaendelea kumfukia mke wake.