Kinyozi Aliyejipaka Mvi

Mume wangu ni kinyozi. Kwa miaka thelathini amejinyoa kichwa chote, nyusi pia, ili wateja wajionee kazi ya wembe wake. Watu wanamwita Sahani, naye huitika kwa fahari.

Binti yetu alipojifungua alikuja kukaa kwetu, na tangu siku ya kwanza Sahani akaanza kumposa mjukuu mbele yangu. Mke mwenza nikampokea, ningefanyaje? Shida ilianza mtoto alipofikisha wiki sita. Mimi alinikodolea macho. Jirani yetu mwenye nywele timtim, vivyo hivyo. Hata ufagio uliosimama ukutani ulipata heshima yake. Sahani akimwinamia, mtoto anatazama kando ya masikio yake, kama anayesubiri mwenye nyumba atoke.

"Hanitaki," aliniambia mezani.

"Baba watoto, ana wiki sita. Hata mkono wake haujui."

"Wewe anakujua."

Nilicheka, kisha nikaona hatanii. Mzee mzima, machozi yanamlengalenga. Nilimwonea huruma, na nikamkasirikia pia, maana chakula kilikuwa kinapoa.

Binti yetu akaenda kliniki, akarudi na maelezo ya muuguzi. "Anasema umri huu jicho linatafuta pale giza na mwanga vinapokutana. Usoni mwa mtu ni pale nywele zinapoanzia. Baba hana mpaka."

Ningejua, ningelifunga kabati la viatu. Sahani alitoa humo rangi nyeupe ya kung'arishia raba, akajipaka kichwani, mstari umenyooka kutoka sikio hadi sikio, na nyusi chini yake. Mtu aliyekuwa akiapa kwamba mvi hazitamwona.

Mtoto akamtazama. Akaendelea kumtazama. Sahani akasogea kushoto, macho yakamfuata kwa kurukaruka, kama kuku anayevuka matope. Akasogea kulia, yakamfuata.

"Unaona? Ananipenda."

Mtoto akaanza kulia, macho bado yako pale pale.

"Baba, toka," binti yetu akasema. "Muuguzi alinionya. Jicho la watoto wachanga likinasa halijui kujinasua. Mpaka mwezi wa tatu, wa nne hivi."

Hakutoka. Nikamtupia taulo kichwani. Kilio kikakatika pale pale.

Sahani hakuliondoa lile taulo.

"Kwa hiyo hakunitazama," alisema humo ndani. "Alinaswa."

"Ndiyo, mume wangu."

Rangi ya raba haitoki upesi. Alifanya kazi wiki nzima na mvi zake za kuchora, na wateja wawili walimwomba awanyoe mtindo huo. Nyumbani alipita nyuma ya mtoto, akinyata, asije akamnasa tena.

Mwezi wa nne nilikuwa nimempakata mke mwenzangu sebuleni. Sahani akaketi mbele yetu, kichwa kinang'aa, hana hata unywele. Mtoto akamtazama machoni. Kisha akageukia dirisha.

"Basi," Sahani akasema, akaanza kuinuka.

Macho yakarudi kwake. Yakaenda mlangoni, yakatulia hapo kidogo, yakarudi tena, safari hii pamoja na tabasamu la ufizi mtupu.

Sahani akaketi polepole.

"Angeweza kuendelea kutazama mlango," akasema.

"Angeweza."

Nikamnyooshea lile taulo afute macho.