Kifaa cha Khatibu kinajua mahali, hakijui njia

Saa moja na robo asubuhi, ukungu bado umelala kwenye njia panda iliyo juu ya kijiji cha Kitanga. Khatibu Saady anazima pikipiki, anashusha mguu mmoja kwenye tope, anatoa mfukoni kifaa cha kijivu kisichozidi kipande cha sabuni ya kufulia. Anakinyanyua juu. Anangoja.

Nyuma yake, Immakulata, mchuuzi wa dagaa, anangoja naye huku ndoo yake ikiwa mapajani. Anavumilia kidogo, kisha uvumilivu unamwisha.

"Sasa shehe, hapo unaomba mvua au unaomba isinyeshe?"

"Natafuta setilaiti, mama."

"Mimi nimelipa nauli ya gulioni. Huko kwenye setilaiti utaenda peke yako."

Khatibu anatabasamu kidogo tu. Kioo kinawaka, anaiweka upya alama ya hapa, anabonyeza vitufe taratibu kwa dole gumba lililopasuka kwa baridi, herufi moja moja: NJIAPANDA2. Kifaa kinakubali herufi kumi, ya kumi na moja hakiitaki. Anakirudisha mfukoni, anapiga kiki, wanaondoka.

Immakulata hajui kwamba njia panda hii dereva wake anaijua vizuri kuliko uchochoro wa kwao. Ni hapa hapa, Novemba mwaka jana, alipochagua njia isiyo yake.

Khatibu ana miaka thelathini na mbili. Amezaliwa Kasulu mjini, mtoto wa muuza kanga aliyetoka Ujiji, na Kiha chake, lugha ya wenyeji wa huku, kama wenzake wa kijiweni wanavyomtania, ni cha kununulia maharage. Anasalimia, anaulizia bei, anashukuru. Baada ya hapo anarudi kwenye Kiswahili.

Amebeba abiria kwa bodaboda miaka sita. Siku nzuri anabaki na shilingi elfu kumi na mbili. Siku za mvua anabaki na matope.

Siku hiyo ya Novemba, mwaka 2013, ilikuwa ya mvua. Simu yake iliita kabla ya saa tatu asubuhi. Aliyepiga ni Ndihokubwayo, mkulima wa kitongoji cha Murubanga, ambaye Khatibu aliwahi kumbeba mara moja kutoka sokoni mpaka njia panda. Alikuwa amesimama juu ya kichuguu, maana kule kwao mtandao unapatikana juu ya kichuguu peke yake.

Alisema mtoto wake wa kike, Niyitegeka, miaka mitatu, ana homa siku ya pili na sasa ameanza degedege. Alisema njoo umchukue umpeleke hospitali. Alisema ukifika njia panda uliza. Simu ikakatika.

"Kijiweni tulikuwa watano," anasema Khatibu. "Wanne walitazama mawingu. Siwalaumu, ule mlima ukilowa unateleza kama mlenda. Mimi nikaenda."

Alifika njia panda, ukungu mzito, haoni hata taa ya mbele inapogonga. Njia moja ilikuwa inapanda. Nyingine ilikuwa inashuka. Akatokea bibi mmoja na mzigo wa kuni kichwani.

"Nikamsalimu, mwakeye bibi, nikamuuliza, Murubanga ni wapi? Akanyoosha mdomo kwenye ukungu, hivi, akasema, haruguru. Basi. Akapita zake."

Haruguru ni juu. Hilo hata Khatibu na Kiha chake cha maharage alilijua. Huku milimani watu hawakuelekezi kushoto wala kulia, maana kushoto kwako ni kulia kwa anayekuja. Wanakwambia haruguru au hepfo, juu au chini, na wao kwa wao hawapotezani.

Khatibu akashukuru, akashika njia iliyopanda.

Angekuwa Muha wa milimani angelisikia neno lile vingine. Bibi hakuwa anataja barabara. Alikuwa anataja kijiji. Murubanga iko juu, kweli, mlima wa pili, lakini njia yake kwanza inashuka mpaka mtoni, inavuka daraja la magogo, ndipo ipande. Ile iliyopanda pale pale ilikuwa ya wakata mbao, na mwisho wake ni msitu.

Alikwenda dakika hamsini mpaka alipokutana na magogo yaliyolazwa na mahali pa kugeuzia lori. Hakukuwa na mtu wa kumuuliza. Akarudi dakika hamsini nyingine.

"Nilipofika Murubanga, wanawake walikuwa wamekaa nje na hawalii tena," anasema. "Wangekuwa wanalia ningesema labda bado. Walikuwa wamenyamaza. Nikajua."

Anakuna tope kwenye kigingi cha kukanyagia cha pikipiki, tope lililokauka zamani.

"Yule mama, Esteri, ndiye aliyeniletea maji. Mama mwenyewe wa mtoto. Akayashika kwa mikono miwili, akapiga goti, kwa sababu mgeni ametoka mbali. Nikayanywa. Ningeyakataaje?"

Kama mtoto angepona lau Khatibu angefika mapema, hakuna anayeweza kusema, na yeye mwenyewe hasemi. Anachokijua ni saa. Anasema dakika zile mia moja anazo mpaka leo, akilala anazo, akiswali anazo.

Hapo ndipo alipoanza kutafuta kitu cha kumwonyesha njia.

Mara ya kwanza alikwenda kwa Hashimu, mwenye duka la simu mjini Kasulu. Hashimu akamtolea simu ya kupapasa yenye ramani ndani. Ramani ilikuwa nzuri, mji wa Kasulu ulikuwepo, barabara kuu ya kwenda Kibondo ilikuwepo, imechorwa kama utepe. Khatibu akaomba aonyeshwe juu ya Kitanga. Hashimu akasukuma kidole, akasukuma tena. Palikuwa peupe.

"Hapo pana watu," Khatibu akamwambia.

"Mimi nauza simu, ndugu yangu," Hashimu akajibu. "Watu sikuwafuta mimi."

Mara ya pili dereva mmoja wa lori alimuuzia kwa bei ya kutupa kifaa cha kwenye gari, chenye sauti ya mwanamke. Khatibu akakifunga kwenye usukani kwa mpira wa ndani wa tairi. Kijiweni walicheka wiki nzima. Makarius, rafiki yake wa miaka mingi, alikipa jina la bi mdogo.

"Bi mdogo leo kasemaje? Kakupikia?"

Bi mdogo alikuwa anasema neno lile lile moja kila wanapoiacha lami: geuka, rudi ulikotoka. Mvua ya kwanza ikamwingia, akanyamaza moja kwa moja. Makarius akampa pole ya msiba, kisha akaona uso wa mwenzake, akaacha.

Kifaa cha tatu, hiki cha kijivu, alikipata kambini Nyarugusu, alikopeleka abiria. Aliyekuwa nacho ni Serge, mkimbizi kutoka Kongo, fundi redio, ambaye zamani alitembea na mradi wa visima akiandika kila kisima kilipo. Mradi ulipofungwa walimwachia kifaa kikiwa kimechakaa, na karatasi ya kuonyesha ni chake anayo mpaka leo, imekunjwa ndani ya Biblia. Kifaa hakina ramani hata kidogo. Kina mshale. Maji hayakisumbui, na kinakula betri mbili ndogo za rimoti.

Serge hakukisifia. Khatibu anasema hilo ndilo lililomfanya amwamini.

"Hii kintu haijuwe njia, papa," Serge alimwambia kwa Kiswahili cha kwao, ambako mahali ni fasi. "Inajuwa fasi tu. Weye unaenda kwanza pale fasi, unaiambia: hapa. Ingine siku itakuonesha iko upande gani. Bon. Lakini njia, ni weye."

"Kwa hiyo nisipofika kwanza hainisaidii?"

"Kama haujafika, itakusaidia na nini? Na yeye hajafika."

Kilikula kipato chake cha siku kumi na moja. Wiki ya kwanza nusura kimle na yeye: aliufuata mshale kichwa kichwa kurudi kwenye kijiji alichokwisha kukiwekea alama, akajikuta kwenye ukingo wa korongo, mihogo chini, na nyumba anayoitafuta ng'ambo, karibu hata akasikia jogoo. Mshale haupindi kona. Unakata moja kwa moja kama kunguru angani.

Tangu hapo haweki alama za nyumba tu. Anaweka kila njia panda, kila daraja, kila mahali njia inapovunjika. Na kila anapomuuliza mtu, anauliza swali moja alilojifunza kwa gharama asiyotaka kuitaja: "Haruguru kwanza, au hepfo kwanza?" Wazee wa Kitanga wameshamzoea. Watoto wakimwona wanamwitia swali lake kabla hajasimama.

Mpaka mwanzoni mwa mwezi huu wa Oktoba 2014 alikuwa na alama sabini na nne. Ya Murubanga haikuwemo.

Si kwamba hakwenda. Alikwenda mara mbili, na mara zote mbili Ndihokubwayo alimzuia. Kifaa kama kile mzee alishakiona. Watu wa kupima mipaka walikuja nacho kwenye shamba la kaka yake, na msimu uliofuata shamba likaitwa hifadhi.

Khatibu angeweza kuacha. Kuna milima mingine. Lakini mwezi wa nane alipata habari kwamba Esteri ni mjamzito na anatarajia Desemba, katikati ya mvua, na kwamba mimba imekaa vibaya. Wakunga wameshamwambia asithubutu kuzalia nyumbani. Siku ikifika, simu itapigwa tena kutoka juu ya kile kichuguu, na bila alama ya nyumba Khatibu ataipanda tena Murubanga kwa kubahatisha, kwenye ukungu ule ule.

Jumapili iliyopita alikwenda mara ya tatu. Ndihokubwayo alikuwa amekaa mlangoni anapukuchua mahindi, hakuinuka.

"Khatibu, nilishakwambia. Kwangu usipime."

"Sipimi, mzee. Naweka alama tu."

"Hata wale wa hifadhi walisema hivyo hivyo. Alama tu."

"Wale walikuwa wanaweka mwisho wa shamba. Mimi naweka mlango wako, niupate."

"Mlango wangu ulikuwa hapa hapa mwaka jana."

Khatibu anasema alitaka kugeuza pikipiki aende zake. Badala yake akakitoa kifaa, akakiweka juu ya gunia mbele ya mzee ili akitazame mwenyewe, akasogea nyuma kama mtu aliyeweka silaha chini. Mzee hajui kusoma. Alikitazama tu, mahindi mkononi.

Esteri akatoka ndani, mkono kiunoni, tumbo limemtangulia. Zamani mtaa mzima ulimwita mama Niyitegeka. Tangu Novemba ile watu wanaona haya kulitaja jina hilo mbele yake, wanamwita Esteri, kama binti ambaye hajazaa.

Akainama kwa shida, akakichukua.

"Kinaandika nini?"

"Jina la mahali, mama. Lolote. Mwisho herufi kumi."

"Jina la nani?"

"Lako, la mzee, la kitongoji. Lolote utakalo."

Esteri akafikiri kidogo. Mume wake alikuwa ameacha kupukuchua.

"Andika Niyitegeka," akasema.

Khatibu akahesabu herufi kwa vidole, zikafika kumi kamili. Akaanza kuandika, akakosea. Esteri, aliyesoma mpaka darasa la nne, alikuwa anachungulia.

"Umeruka herufi. Kuna Y kati ya I mbili."

Akafuta, akaandika upya. Akabonyeza. Alama ya sabini na tano.

"Ukija na mvua," Esteri akamwambia, "usitafute kwa Esteri. Wako wengi huku. Tafuta kwa huyo."

Ndihokubwayo akainuka, akaingia ndani. Khatibu akadhani amekasirika. Mzee akatoka na kikombe cha maji, akampa kwa mikono miwili, akarudi kwenye mahindi yake.

Mpango wa Khatibu ni huu: kuanzia tarehe mosi Desemba hatachukua abiria wa Kibondo wala wa mbali kokote, atashinda Kasulu, tenki limejaa, minyororo ya tairi ipo, betri mbili mpya zimefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Makarius ameahidi kumfuata nyuma na pikipiki ya pili, asije akateleza peke yake. Vinavyoweza kuharibika ni vingi, anasema, na usiku anavihesabu kimoja kimoja.

Akiulizwa atafanya nini akifika tena kwenye njia panda ile, ukungu umefunga na mshale unamwonyesha juu, haruguru, moja kwa moja mlimani, hafikirii hata kidogo.

"Nitashuka kwanza," anasema. "Ndipo nipande."